Huyu, Mashudu

Kuna watu ambao jina lao la kuzaliwa limebaki kwenye cheti tu. Bi Mashudu ni mmoja wao. Ukimuuliza mtu yeyote wa mtaa ule jina lake halisi, atakuna kichwa, atatazama juu kama anayetafuta mvua, kisha atakwambia, "Si Bi Mashudu tu?"

Wageni hudhani ameitwa hivyo kwa sababu ya harufu. Harufu anayo, tusimsingizie wala tusimtetee. Mashudu ni yale makapi yanayobaki mbegu za alizeti zikishakamuliwa mafuta, na mwanamke huyu ameyabeba kichwani, ameyaponda kwa mchi, ameyaloweka kwenye ndoo na kuyagawa horini tangu ujana wake, mpaka nguo zake hata zikitoka kwenye kamba ya kuanikia zinanuka kinu cha mafuta. Lakini jina halikutoka kwenye harufu. Lilitoka mdomoni mwa mama mkwe wake, mlangoni pa jikoni, mbele ya watu, na siku hiyo mwenye kupewa jina alitamani ardhi ipasuke immeze.

Hayo tutayafikia. Kwanza uione nyumba.

Ni nyumba ya matofali mwisho wa mtaa, pale ambapo barabara ya lami inakata tamaa na kuwa vumbi. Mbele kuna kibaraza chenye cherehani. Nyuma kuna zizi la kondoo, na kati ya zizi na mahori kuna kichochoro cha mbao, kipana pale kinapoanzia, chembamba pale kinapoishia, kiasi kwamba kondoo hawezi kupita na mwenzake ubavuni. Nguzo ya mwisho imekuwa nyeusi na laini kwa mafuta ya sufu za kondoo walioisugua vizazi na vizazi. Hapo kwenye nguzo pana kigoda. Mbele ya kigoda pana vilango viwili, kimoja kinaingia kwenye hori la nyasi kavu, kingine kwenye hori la mashudu.

Mwisho wa mimba, kondoo wote hupitishwa hapo kila asubuhi, mmoja mmoja. Anayekaa kigodani huweka kiganja mgongoni mwa kondoo, nyuma kidogo ya ubavu wa mwisho, anabonyeza, na kusikiliza kwa vidole. Pingili za mgongo zikichoma kama meno ya msumeno, kondoo huyo amepungukiwa, hata kama sufu imemfanya aonekane mnene. Basi hutamkwa, "Huyu, mashudu," na kilango cha mashudu kinafunguliwa. Pingili zikiwa zimezama kwenye nyama, hutamkwa, "Huyu, nyasi," maana mnene naye akizidishiwa atazaa kwa taabu. Hakuna maneno mengine. Mama Mkwe, aliyejenga kichochoro kile na mumewe, hakuwa mtu wa maneno mengine.

"Tumbo ni mwongo," ndiyo hotuba ndefu kuliko zote aliyowahi kumpa Bi Mashudu. "Mwenye mapacha tumbo linajaa, mgongo unakwisha. Watoto hukua haraka mwishoni, wanambana, hana tena nafasi ya kula nyasi nyingi. Umpe kidogo chenye kitu ndani. Usipompa, atajila mwenyewe. Usiangalie. Shika."

Bi Mashudu alifika pale akiwa bi harusi mwembamba, binti wa fundi viatu, hajui kondoo anashikwa wapi. Kazi yake ya kwanza ikawa kuvuta kamba za vilango wakati Mama Mkwe ameketi kigodani. Mambo ya kondoo aliyazoea upesi. Kilichomshinda kilikuwa jikoni. Kila asubuhi alipopita mlango ule na birika la chai, kiganja kizito kilitua mgongoni mwake, kikabonyeza kidogo, kikaondoka. Mama Mkwe aliendelea kumenya viazi vyake kana kwamba mkono ule ni wa mtu mwingine.

"Mama yako ananipima kama kondoo," akamlalamikia mumewe chumbani.

Mumewe alicheka mpaka akakohoa. "Shukuru Mungu. Mimi hajanigusa tangu niache kunyonya."

Alipopata mimba ya kwanza, tumbo likawa kubwa likamtangulia kila mlango. Shangazi na mawifi wakaja kumtazama, wakajaza ukumbi, wakamsifu kwa sauti za juu. Amenawiri! Ameiva! Ndoa imemkubali! Naye akawa anapita katikati yao na sinia la vikombe, kichwa juu, kwa sababu nani hapendi kusifiwa? Pale mlangoni pa jikoni kiganja kikatua. Safari hii hakikuondoka upesi. Mama Mkwe akatamka, kwa sauti ileile ya zizini, "Huyu, mashudu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Shemeji mmoja, mtani asiyejua kunyamaza, akalirudia neno hilo mara ngapi sijui, na kufikia jioni mtaa ulikuwa nalo. Lakini kabla ya jioni bi harusi aligeuka na sinia lake mikononi, akasema jambo ambalo bi harusi hasemi.

"Mama, mimi si kondoo."

Kicheko kikakatika. Shangazi wakatazamana. Mama Mkwe akavuta kiti, akaweka mezani bakuli la maharage lenye mayai mawili juu yake, akajibu taratibu, "Najua. Kondoo angekuwa ameshakula."

Akaketi kando yake mpaka bakuli likawa tupu. Mwanamke yule kijana alikula huku analia kwa hasira, na chakula kikampita kooni hivyohivyo. Kesho yake bakuli lilikuwepo tena, na kesho kutwa. Mtoto alizaliwa ana nguvu, analia kwa sauti ya mnada. Miezi mingi baadaye, wifi mmoja alipoponyokwa na maneno, ndipo alipogundua kwamba mayai yale yalikuwa kifungua kinywa cha Mama Mkwe mwenyewe, na kwamba kwa muda wote ule bibi yule alikuwa akinywa chai kavu.

Hata hivyo aibu ile haikumtoka. Akaapa kwamba siku akipata mkwe, mkono wake hautagusa mgongo wa mtoto wa watu. Kiapo hicho amekitimiza. Na hapa nitasema yaliyo moyoni mwake, maana yeye hatayasema: tangu Mama Mkwe azikwe, na baadaye mumewe kumfuata, kitu anachokikumbuka kuliko vyote ndani ya nyumba ile ni mkono ule. Haukumbuki kama mtu akumbukavyo wema. Anaukumbuka kama mwenye baridi akumbukavyo shuka. Watu humsalimia, humuuliza hali, hujibiwa "nzuri", wakaridhika. Mgongo wake hakuna aliyeuuliza tena.

Sasa tufike kwenye mwaka huu, maana ndio uliomletea kizaazaa.

Mikono ya Bi Mashudu ilikuwa imeanza kufa ganzi tangu mwaka jana. Ilianzia nchani mwa vidole, akadhani ni baridi ya maji ya kuloweka mashudu. Ikapanda. Ikafika mahali akifunga kifungo cha gauni hajui kama kimeingia tunduni mpaka atazame kwenye kioo. Msimu uliopita kondoo wawili walimfia, mimba ikiwa karibu na kuzaa, na mwanawe ndiye aliyewachimbia mashimo. Mwanawe huyo ni dereva wa lori, anarudi nyumbani mwisho wa wiki, na mtaani anaitwa Dereva kana kwamba lori ni moja duniani. Alipomaliza kufukia shimo la pili aliegemea koleo lake.

"Mama, kuzika kondoo naweza. Kukuona unavyokaa juu ya kaburi la kondoo siwezi. Msimu ujao akifa mmoja tu namna hii, nauza wote, na wewe upumzike."

Alisema kwa upendo, na upendo ndio uliomziba mama yake mdomo. Angefoka, mama angefoka zaidi.

Kwa hiyo akaficha. Yeye aliyewaambia majirani nusu ya mtaa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, akaanza kuficha maradhi yake kama mwizi afichavyo kuku. Kila asubuhi alikaa kigodani, akaweka kiganja mgongoni mwa kondoo, asisikie kitu, kana kwamba anabonyeza ukuta kupitia mto wa kulalia. Kisha akatamka kwa sauti ya marehemu Mama Mkwe, "Huyu, mashudu. Huyu, nyasi." Alitamka kwa macho na kwa mazoea. Huyu kila mwaka hukonda. Yule mama yake alikuwa mnene, naye atakuwa mnene. Na hofu ikamkata hamu ya chakula. Asubuhi ilikuwa chai, mchana alikuwa "ameshakula", jioni alikuwa "hana njaa". Magauni yake ni mapana, hakuna aliyeona.

Aliyevuta kamba za vilango safari hii alikuwa mke wa Dereva. Yeye ndiye mwenye cherehani pale kibarazani, na kwa hiyo ni Fundi, hata mumewe humwita hivyo. Ni mtu nadhifu, kucha safi, na kondoo aliwavumilia kwa mbali, leso imefungwa puani.

"Mama, hawa wananiangalia kama wateja ambao sijamaliza nguo zao," alisema siku moja.

"Na wewe unawaangalia kama watu wasiolipa," akajibu Bi Mashudu, wakacheka, kila mmoja upande wake wa ubao.

Katika kundi lile palikuwa na kondoo mweupe aitwaye Bibi Harusi. Alikuwa mjukuu wa kitukuu wa kondoo jike ambaye Mama Mkwe alimkabidhi Bi Mashudu siku alipotoka uzazini, bila hotuba, akiwa amemshikilia kwa kamba kama mtu aliyeleta mzigo wa kuni. Mwaka huu tumbo la Bibi Harusi lilikuwa pana kiasi cha kukwaruza mbao pande zote mbili. Bi Mashudu alimtazama akitokea, akatabasamu, akaweka kiganja chake kisichosikia.

"Huyu amejipakulia mwenyewe. Huyu, nyasi."

Umeona? Mwanamke aliyefundishwa kwamba tumbo ni mwongo, aliyewafundisha wengine kwamba tumbo ni mwongo, akaliamini tumbo. Siku zikapita, Bibi Harusi akipelekwa kwenye nyasi.

Asubuhi moja hakuja kichochoroni. Walimkuta pembeni mwa zizi, kichwa amekiegemeza ukutani, anasaga meno. Mbuzi akiumwa mtaa mzima utajua, atalia mpaka umuonee haya. Kondoo hufa kikondoo. Atasimama, atanyamaza, na wewe utadhani anafikiri.

"Msukume kidogo aje," akasema Bi Mashudu kutoka kigodani. "Labda siku zake zimefika."

Fundi akashusha pumzi, akakaza leso, akaingia. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe akamwekea kondoo mikono yote miwili mgongoni ili amsukume. Mikono ikazama kwenye sufu, ikakuta kitu, ikasimama hapohapo.

"Mama. Huyu amekonda."

"Amekonda? Tumbo lote lile hulioni?"

"Sijaangalia, Mama. Nimeshika."

"Sufu inakudanganya, mwanangu."

"Mama, mimi nashika vitambaa kutwa nzima. Hii sufu ni nzito, sawa, lakini chini yake hakuna bitana. Ni mfupa mtupu."

Bi Mashudu akainuka. Akaweka kiganja kimoja, akaweka na cha pili, akabonyeza mpaka mishipa ya mikono ikamsimama. Hakusikia kitu. Hapo akapiga magoti kwenye samadi, akaitenga sufu ya mgongoni kwa vidole vyake, akalaza shavu lake pale. Shavu halikuwa na ganzi. Zile pingili zilimchoma moja baada ya nyingine, na pumzi ya kondoo ilipomfikia puani ilikuwa na utamu wa tunda lililopitiliza kuiva. Aliijua harufu ile. Msimu uliopita aliinusa mara mbili.

Kisha akasema bila kuinua kichwa, "Mikono yangu haisikii."

"Najua, Mama."

"Unajua?"

"Juzi ulibeba sufuria ya moto bila kitambaa mpaka mezani. Jioni nikaona malengelenge viganjani. Nikangoja useme."

"Na wewe kwa nini hukusema?"

"Ningeanzia wapi? Wewe mwenyewe hunisogelei, niende nikwambie vidole vyako vimekufa?"

Bi Mashudu akasema lile lililokuwa linamla. "Huyu akifa, mume wako atauza wote. Aliapa. Na huyu ndiye wa mwisho wa uzao wa kondoo aliyenipa marehemu mama mkwe. Nitabaki na kichochoro kitupu."

"Hajafa," akasema Fundi, tayari ameshatoa simu mfukoni. "Tuanzie hapo."

Daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki, msichana mchangamfu mwenye viatu vya mpira, akamsikiliza kondoo tumboni kwa utulivu, akamtazama ufizi na macho.

"Ni mapacha. Wamembana, nyasi alizokula hazimtoshi, ameanza kuyeyusha mwili wake mwenyewe. Nitamnywesha dawa hii tamu impe nguvu ya haraka. Ninyi mumlishe kidogo kidogo, mara nyingi, kwa mkono. Majani mabichi laini, mashudu yaliyolowekwa. Anahitaji protini, la sivyo hata akizaa hatakuwa na maziwa ya kwanza ya kuwapa. Akianza kula mwenyewe, tumempata." Akafunga mkoba wake, akaongeza kwa upole, "Bibi, siahidi."

Cherehani ikanyamaza siku hizo. Wateja walikuja kuulizia magauni yao wakaoneshwa zizi. Fundi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, leso imeanguka shingoni na hakuikumbuka tena, anamtia Bibi Harusi mashudu mdomoni kwa vidole kama anayemlisha mtoto mkaidi. Bi Mashudu alikaa kando yake akiloweka mengine, na kwa kuwa mikono haikuwa na kazi ya kutosha, mdomo ukafanya.

Akasimulia. Alisimulia jinsi Mama Mkwe alivyokuwa akiwagombeza madalali kwa kunyamaza tu, mpaka wakapunguza maneno wenyewe. Alisimulia jinsi mumewe alivyojifanya hodari wa kondoo siku za uchumba, akaburutwa na dume mpaka kwenye dimbwi, na alivyotoka na tope mpaka masikioni akiuliza kama chai iko tayari. Alisimulia harufu ya mbao za kichochoro zilipokuwa mpya, na sauti ya Mama Mkwe asubuhi za ukungu, huyu, huyu, huyu, ambayo yeye kijana aliichukia, na sasa angetoa chochote aisikie ikimkaripia. Akasimulia sinia, shangazi, mkono, maharage na mayai. Fundi alicheka mpaka akashika ubavu wa kondoo asianguke.

"'Kondoo angekuwa ameshakula!' Jamani! Na wewe ukala?"

"Ningefanyaje? Alikuwa amekaa hapo kama askari."

Fundi alipangusa macho. Kicheko kikamwisha taratibu. "Lakini mimi hujawahi kunipima, Mama. Hata siku moja."

"Niliapa. Sikutaka uaibike kama mimi."

"Kumbe." Akachota mashudu mengine kwenye ndoo, akayakanda viganjani kwa muda mrefu kuliko yalivyohitaji. "Mimi nilidhani ni kwa sababu hunipendi."

Bi Mashudu alinyoosha mkono wake uliokufa, akaushika mkono wa Fundi, akaupeleka mgongoni mwa Bibi Harusi na kuuweka mahali pake. "Hapa. Nyuma ya ubavu wa mwisho. Usibonyeze kama unakanda unga. Bonyeza kama unatafuta pini iliyopotea ndani ya nguo."

"Aa," akasema Fundi. "Hiyo naijua."

Wakawapitisha kondoo wote upya. Fundi kigodani, Bi Mashudu kwenye kamba. Fundi alifumba macho kila alipoweka kiganja, akafanya kazi kwa mwendo wa mtu anayekagua mshono, na wale waliokuwa wamekosewa upande wakaonekana. "Huyu... mashudu. Huyu, nyasi. Huyu, mashudu, Mama, tena haraka." Mara ya kwanza alipotamka bila kusita, Bi Mashudu alichelewa kuvuta kamba. Alikuwa amesikia sauti mbili.

Dereva aliporudi mwisho wa wiki, mama yake hakumngoja avue viatu.

"Mikono yangu imekufa ganzi. Tangu mwaka jana. Nilikuficha. Nimemkosea Bibi Harusi upande, anaumwa, hatujui kama atapona. Uliapa, nami nimekwambia."

Dereva alisimama na kiatu kimoja mkononi. Akamtazama mkewe, aliyekuwa na mashudu mpaka kwenye nywele. Akaenda zizini, akachuchumaa mbele ya kondoo mweupe kwa muda.

"Nilisema, Mama," akasema hatimaye, bila furaha. "Tuone."

Hakuna aliyelala vizuri katika nyumba ile. Asubuhi jua lilipokuwa limeshapanda ukuta, Bibi Harusi akalala chini, akaanza kusukuma. Wa kwanza alitoka akipiga chafya, amekasirika tayari. Wa pili alikuja kimya, amelegea kama kitambaa kilicholowa. Bi Mashudu akaelekeza kwa mdomo, Fundi akafanya kwa mikono: akamtoa ute puani, akamsugua kifua kwa vipande vya flana vilivyobaki kwenye ushonaji, akasugua, akasugua, akamwita majina yasiyoandikika. Kikohozi kidogo. Kisha sauti nyembamba.

Bi Mashudu hakuwatazama watoto. Alimtazama mama. Bibi Harusi alibaki amelala, shingo imenyooka. Halafu akakusanya miguu. Akaanguka. Akakusanya tena, akasimama, miguu ikitetemeka, akamgeukia yule mdogo na kumlamba. Fundi akapeleka mkono kwenye kiwele, akakamua kidogo. Maziwa ya dang'a yakatoka mazito, ya manjano, yanavutika, yale maziwa ya kwanza ambayo mtoto akiyakosa hata uje na dawa zote za duniani umechelewa.

"Yapo," akasema. "Mama, yapo!"

Yule mdogo alipokwisha kushikishwa chuchu na mkia wake ukaanza kutikisika, Bibi Harusi akawaacha wote wawili, akajikokota mpaka kwenye hori la mashudu, akainamisha kichwa, akala mwenyewe.

Dereva aliingia stoo, akatoka na nyundo na misumari, akakaza ubao mmoja wa kichochoro uliokuwa umelegea tangu baba yake alipokuwa hai. Aligonga kwa nguvu kuliko ubao ulivyotaka, amewapa mgongo. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake, na Bi Mashudu alilielewa.

Kesho yake asubuhi Bi Mashudu alitoka jikoni na birika la chai, amelishika kwa vitambaa viwili kwa amri ya mkwewe. Gauni lake pana. Alipofika mlangoni, kiganja kikatua mgongoni mwake, nyuma kidogo ya ubavu wa mwisho. Kikabonyeza kama kinachotafuta pini. Hakikuondoka.

"Huyu, mashudu," akasema Fundi.

Dereva, mezani, akapaliwa na chai kwa kicheko. Bi Mashudu alisimama palepale, birika mikononi.

"Mimi si kondoo."

"Najua, Mama." Fundi akalichukua birika, akavuta kiti. Mezani palikuwa na bakuli la maharage lenye mayai mawili juu yake. "Kondoo angekuwa ameshakula."

Bi Mashudu akaketi. Ganzi ilikuwa mikononi tu, haikuwa imefika mgongoni, na mkono ule aliusikia wote, kidole kwa kidole. Akala, machozi yakimdondokea bakulini, na mkwewe akakaa kando yake mpaka bakuli likawa tupu.